Sensa ya filta ya dizeli isiyo na oringi

Sensa ya maji, ile inayofungwa chini ya filta ya Hilux ya dizeli, nimeinunua juzijuzi kwenye duka moja la spea Gerezani, Dar es Salaam. Boksi zuri, nailoni juu, ndani oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia, hakuna! Namuuliza muuzaji, hata macho hanyanyui kwenye simu: "Bosi, rudishia ya zamani, watu wote wanafanya hivyo."

Watu wote wepi? Oringi ya zamani imeshalala, imekuwa bapa. Ukiirudishia, dizeli inaweza isidondoke hata tone, lakini filta inavuta hewa. Gari likilala, dizeli inarudi kwenye tanki, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Hapo ndipo utaambiwa pampu ya dizeli imekufa, na bei ya pampu unaijua.

Sensa yenyewe, haki yake nimpe, ni nzima. Niliipima kabla ya kuifunga: mita ya umeme, upande wa mlio, kwenye pini mbili, boya (kile kinachoelea) likiwa chini kimya, ukilinyanyua inalia. Ndivyo inavyotakiwa. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini ya filta, yakijaa yanainua boya na taa ya dashibodi inawaka.

Kinachoniuma zaidi, ile ya zamani nayo ilipima vilevile. Haikuwa na kosa. Kwa hiyo taa ikiwaka, msianze kwa kununua kama mimi. Zima injini, legeza koki ya chini ya filta, pampu kwa mkono ile pampu ndogo ya juu ya filta, kinga kama robo lita kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie. Yangu ilitoa maji kimo cha kidole. Usipoona maji na taa bado inawaka, chomoa soketi ya sensa: taa ikizimika, sensa imeganda, ikiendelea kuwaka, kuna waya umechubuka na kugusa bodi. Na ukague pini, mara nyingi zimeota kutu ya kijani.

Oringi nimeipata duka la jirani kwa jero, shilingi mia tano. Jero! Nikaipaka dizeli, nikakaza sensa kwa mkono (koleo hapana, ile plastiki inapasuka), nikapampu mpaka ile pampu ya mkono ikawa ngumu. Asubuhi gari limewaka mara moja.

Nyota nne basi, sensa haina kosa. Ila nikikumbuka lile "watu wote"... mbili.