Alamu ya kaboni monoksaidi ya betri, msimu wa baridi usikae bila hii
Jamani hii alamu nimeikubali, umeme ukikatika usiku wa baridi kali yenyewe inaendelea na kazi maana inatumia betri, haitegemei soketi. Hiyo kaboni monoksaidi ni hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka na jenereta, haina rangi wala harufu, unaweza ukalala nayo usiamke tena, ndo maana mkaa usiwashe ndani hata kama mnatetemeka, na jenereta ikae nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, mbali na madirisha. Mlio wake mkali, unaamsha hata mwenye usingizi mzito. Kitufe cha kuitesti tu ndo kigumu kidogo ila naitesti kila mwezi. Iweke karibu na vyumba vya kulala, ikilia tokeni wote nje hapohapo ndo mpige simu ya dharura.