Bukta ya baiskeli yenye sponji: igeuze ndani nje kabla hujatoa hela

Msomaji mmoja wa Uyole, hapa Mbeya, kanitumia ujumbe wenye uchungu. Kanunua bukta mpya ya baiskeli, saizi yake kabisa, sponji nene ya kushiba, kaivaa Jumamosi kwenda Tukuyu na kurudi. Jumapili kashindwa kukaa kwenye benchi la kanisa. Mapaja yamechubuka pande zote mbili, karibu na kinena. Na si yeye peke yake. Malalamiko ya namna hii nayapata kutoka Mafinga, Njombe, hadi kwa wanaoshuka Kitonga na baiskeli zao.

Nilimwambia aigeuze ndani nje, apige picha ukingo wa pedi, yaani hiyo sponji ya kukalia iliyoshonwa ndani. Picha ilipofika sikuhitaji kuuliza zaidi. Uzi wa ovaloki, ule wa kuzuia kitambaa kisifumuke, ulikuwa umesimama pembeni mwa pedi kama ukingo wa mkeka, mgumu, na sponji imekatwa ikiwa bado nene.

Mambo ya saizi na rangi sitayagusa, kila mtu anayajua. Nataka tuongelee huo ukingo, kwa sababu dukani kila mtu anabonyeza katikati ya sponji, anatabasamu, analipa. Lakini katikati hapachubui mtu. Ukipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje, mguu unazungusha pedeli kama mara 60 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 3,600, na kila mara paja la ndani linapita juu ya mshono ule ule. Kwenye tambarare za Usangu unaweza kuinuka kidogo, ukaacha baiskeli iteleze, ngozi ikapumua. Mlimani huna nafasi hiyo, umekaa kwenye siti na unasukuma tu. Ongeza mvua ya Rungwe: ngozi ikilowa inalainika na kuchubuka upesi, wakati uzi wa nailoni unabaki na ugumu wake.

Kwa hiyo ukaguzi wangu ni huu. Geuza bukta ndani nje, uchukue upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale ngozi ilipo laini, uupitishe polepole kwenye ukingo wote wa pedi. Vidole havifai kwa kazi hii, vimezoea jembe na sufuria. Ukihisi mkwaruzo, rudisha. Pedi nzuri inapungua unene kidogo kidogo hadi inakuwa bapa kabisa, ndipo inashonwa kwa mshono wa zigizaga uliolala. Baada ya hapo vuta kitambaa na pedi kwa pamoja kwenda pembeni. Kitambaa kikivutika na pedi ikagoma, mzigo wote unabaki kwenye uzi, na uzi ndio utakaokula ngozi yako. Mwisho angalia msamba: kama mishono minne inakutana katikati, chini ya pedi au juu yake, hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa. Ukiijaribu, iname kama umeshika usukani. Ukisimama wima mbele ya kioo, hata bukta nzuri, ile yenye mikanda ya mabegani, inakuvuta mabegani.

Sasa upangaji wangu, na sifichi mapenzi.

Ya kwanza ni Castelli, ile ya Italia yenye alama ya nge. Pedi yao iitwayo Progetto X2 ina tabaka mbili zilizotenganishwa: la juu linalogusa ngozi ni laini, linavutika na halina mshono, na sponji ya kubeba uzito iko chini yake. Yaani kile kinachotuumiza sisi, wao walikifikiria mezani kabla ya kukata kitambaa. Hii ni kampuni iliyokuwa inashona bukta za laikra, kitambaa kinachovutika, tangu miaka ya 1970, wakati waendesha baiskeli wengi bado walikuwa kwenye sufu na pedi ya ngozi ya mnyama. Ni ghali, sikatai. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwombe hii badala ya viatu. Kina dada, chukueni ya kike: pedi yake inafuata upana wa mifupa yetu ya makalio.

Ya pili ni Endura ya Uskochi. Katika bukta zao za Pro SL unachagua upana wa pedi, na ya kike ina zipu ya nyuma, unajisaidia porini bila kuvua mikanda ya mabegani. Njia ya Chunya ina baridi kali pale juu Kawetere, kuvua kila kitu pembeni mwa barabara ni mateso. Wana pia bukta za ndani zenye pedi, za kuvaa chini ya suruali pana. Kwa dada asiyetaka kutazamwa Mwanjelwa nzima, hiyo ndiyo jibu.

Santic ya China inakuja ya tatu. Inatosha kwa safari fupi, ila kagua kila moja, usiamini jina.

Zisizo na jina, zenye sponji nene kama godoro: hapana. Sponji laini inalala chini ya mifupa na kupanda katikati, inabana msamba hadi ganzi.

Na hawa wauzaji wetu, jamani. Kila sponji kwao ni jeli, na ikishakuwa jeli bei inapanda. Ukiomba kuigeuza, anakunyang'anya: "Dada utaichafua." Kuna mmoja alinitajia Sh 80,000, kijana aliyeingia nyuma yangu na ndala akatajiwa Sh 45,000 kwa bukta ile ile. Bei inasomwa usoni na kwenye baiskeli uliyoegesha nje.

Mitumba ndiyo inaniudhi zaidi. TBS, shirika la viwango, imekataza nguo za ndani za mitumba, na bukta hii huvaliwa bila chupi, kwa sababu chupi inaleta mishono yake palepale. Basi ni nguo ya ndani kama nyingine, lakini inaanikwa kwenye meza na kuitwa mpya ya Ulaya. Bonyeza sponji kwa dole gumba. Ikibaki na shimo, imeshakufa kwa makalio ya mtu mwingine.

Kama umeshanunua yenye ukingo mbaya, fundi mwenye mashine ya zigizaga anaweza kuifumua pedi na kuishona upya bapa. Sponji yenyewe haibadiliki, ila ngozi itapata nafuu. Paka krimu inayotoka kwa maji, siyo mafuta ya mgando yanayoziba sponji. Fua siku hiyo hiyo kwa maji ya baridi, uanike kivulini pedi ikiwa nje. Kwenye baridi ya hapa Mbeya inaweza isikauke kwa siku moja, kwa hiyo kama unaendesha kila siku uwe na mbili.

Na wanaoagiza Dar kwa basi: kabla ya kutuma pesa, dai picha ya ndani, ukingo wa pedi kwa karibu, kidole kikiwa pembeni yake ili uone unene. Akikutumia picha ya mbele tu, yenye mwanamitindo wa Kizungu, tafuta muuzaji mwingine.