Katana 50 MkII na sebene: miezi minane yangu Lubumbashi

Jumapili ya tatu baada ya kununua ampli hii, kipaza sauti cha gitaa, mama anayeongoza korali yetu pale Kenya (komini ya Kenya hapa Lubumbashi, si nchi) aliniita pembeni ibada ilipoisha. Nikadhani ananipongeza. "Mwanangu," akasema, "ile gitaa yako iko inalia sawa nzige mu mukebe. Na inatukula sauti." Nilikuwa nimetoa dola 210 za kwangu. Nilirudi nyumbani bila hata kusalimia watu wa besi.

Nimekaa na chombo hiki miezi minane sasa, na nzige katoka. Naandika kwa ajili ya wapiga solo (gitaa linaloongoza) na akompa (linalosindikiza) wa kwetu, watu wa sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hukimbia, kwa sababu karibu kila maelezo niliyoyapata kuhusu ampli hizi yameandikwa na watu wa roki. Wanachotafuta wao ndicho sisi tunachokimbia.

Chombo chenyewe ni Boss Katana-50 MkII. Katana za kwanza zilitoka 2016, hizi za toleo la pili zikafuata 2019. Ni wati 50, spika moja ya inchi 12, uzito karibu kilo 12. Naweza kuiweka kati yangu na dereva wa pikipiki, gitaa mgongoni, na kufika Kamalondo nikiwa mzima. Yangu ni ya mkono wa pili. Ilitoka Ndola, ikavuka mpaka wa Kasumbalesa kati ya magunia ya unga, na ndiyo maana ilifika na plagi ya Zambia, ile ya pini tatu bapa. Hapo ndipo taabu yangu ya kwanza ilipoanzia.

Nilinunua adapta ya sokoni, nikachomeka, nikasikia mngurumo mzito hata kabla ya kugusa uzi. Nikishika nyuzi unapungua, nikiachia unarudi. Wiki mbili nilizungusha vitufe vyote nikitafuta mngurumo huo umejificha wapi. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu, mzee mtaratibu, alikuja, akatazama ile adapta, akacheka. Kuhusu nguvu ya umeme hakukuwa na tatizo, Zambia na sisi tunakaribiana. Kasoro ilikuwa waya wa ardhi: adapta ilikuwa na pini mbili tu, na hata ukutani kwangu waya huo haukuwepo. Alikata plagi, akaweka nyingine, akapigilia fimbo ya chuma uani na kuiunganisha na soketi ya chumba changu. Dola 25. Mngurumo ulishuka mara moja kuliko kitufe chochote kingeweza kuushusha. Uliobaki kidogo ni wa gitaa langu, lenye pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja zinazokamata zile hezi 50 za umeme kutoka kila taa ndefu iliyo karibu. Nikigeuka robo ya duara unafifia. Kwa hiyo ndugu, kabla hujailaumu ampli, mwite fundi wa umeme.

Sasa sauti. Ndani ya ampli za namna hii hakuna lampu zile za kioo zinazowaka. Kuna kichakataji kinachopiga hesabu ya jinsi lampu, transfoma na spika vingefanya kama vingekuwepo, kisha kinakutolea jibu lake. Hii yangu ina sura tano: Clean, Crunch, Lead, Brown na Acoustic, na kila moja ina ndugu yake unayemwita kwa kubonyeza kitufe cha Variation. Kwa ujinga wangu nilianza na Acoustic, nikifikiri italigeuza gitaa langu la umeme kuwa gitaa kavu, lisilo la umeme, kama la mpigaji wetu wa zamani Mwenda Jean Bosco. Haifanyi hivyo. Sura hiyo ni ya magitaa makavu yenye pikapu. Ukiichomekea gitaa la umeme unapata sauti nyembamba isiyo na tumbo. Lead na Brown ni za kupasua. Nazifungua usiku peke yangu, kwa raha zangu, halafu nazifunga.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutengeneza sauti chumbani. Kuna swichi ya nguvu: 50, 25 au nusu wati. Kutoka 50 kwenda 25 usitegemee maajabu, ni desibeli 3 tu, lakini nusu wati ni zawadi kwa mwenye wapangaji wenzake ukutani. Basi nilikaa kwenye nusu wati, nikaongeza besi mpaka nikaona joto, nikaongeza trebo mpaka ikang'aa, nikapunguza sauti za kati kwa sababu zilinikera, nikamwagia mwangwi. Ilikuwa tamu kama munkoyo wa siku ya pili. Jumapili nikaenda kanisani, nikaweka 50, na mambo ni yale niliyokwisha kuwaambia.

Sababu yake inajulikana tangu 1933, Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao vya sikio la binadamu: sauti ikiwa ndogo, sikio halizisikii vizuri besi na zile za juu kabisa, linasikia zaidi za kati. Ndiyo maana chumbani mkono wako unaongeza pande zote mbili. Ukipandisha sauti, sikio linaamka, na kila ulichoongeza kinakuja mara mbili. Besi yangu ikamwingilia mpiga besi, trebo ikawa mukebe. Nikajaribu kujisikia kwa kuongeza sauti nzima, na hapo ndipo nilipozila sauti za akina mama.

Siku hizi siweki sauti chumbani kabisa. Naomba funguo za kanisa Alhamisi jioni, kabla ya mazoezi, nikiwa na mtoto wa kaka yangu wa kupiga gitaa wakati mimi nimesimama katikati ya viti. Natumia Clean. Geini, ile inayosukuma sauti mpaka ianze kupasuka, iko kwenye 3 kati ya kumi. Besi 3. Kati 6, wakati mwingine 7. Trebo naanza na 5 nikishuka. Booster, ya kuongeza msukumo, imezimwa. Mod, ya kuyumbisha sauti, imezimwa. Mwangwi kidogo tu, maana kanisa lenyewe, na bati lake, lina mwangwi wa kutosha kutuuzia sote. Ukipiga hivyo peke yako utaona sauti ni kavu, hata mbaya. Subiri ngoma na besi ziingie. Uzi wa chini kabisa wa gitaa unalia kwenye hezi 82, na huko chini besi na kiki ya drami tayari wamejaa. Solo yetu inaishi juu shingoni, na kinachoifanya isikike ni zile za kati na ule mkwaruzo mdogo wa kidole unapoachia uzi. Geini ikizidi, mkwaruzo huo unalainishwa, noti zinashikana, na sebene inakuwa uji.

Hapa ndipo ninapompa mtengenezaji alama nzuri. Clean ya hii ampli inavumilia. Ukipiga kwa nguvu inajibu, ukipiga polepole inanyamaza, na sauti ya kidole gumba haifanani na ya cha shahada. Mwenda, mtoto wa Bunkeya, alipiga kwa vidole viwili hivyo tu. Mimi simkaribii hata kwa kilomita, lakini angalau chombo hakinifichi ninapokosea.

Kitu kimoja nilichoongeza baadaye ni kompresa, ndogo sana, ili noti za haraka zitoke sawasawa. Hiyo haikuwa mbele kwenye vitufe kama ampli yangu ilivyokuja. Ilibidi niingie kwenye programu ya Boss Tone Studio. Unahitaji kompyuta na kebo ya USB ya mraba, ile ya printa. Nilimwazima binamu kompyuta yake, tukanunua megabaiti, tukapakua usiku. Ukishaipata huhitaji tena intaneti. Mle ndani ndipo utajiri ulipo: kila kitufe cha efekti kina rangi tatu, kijani, nyekundu na njano, na wewe ndiye unayechagua kila rangi ibebe nini. Kama huna kompyuta wala wa kukuazima, jua kwamba unanunua nusu ya chombo. Hiyo nusu inatosha kupiga, lakini ujue.

Kuna pia sauti za watu wengine za kupakua. Nilipakua kama ishirini. Nilifuta kama ishirini. Si kwamba ni mbaya: mwenyewe alizitengeneza kwa gitaa lake, kwa pikapu zake nzito, kwa chumba chake, na wengi hawajawahi kusikia sebene.

Dilei, efekti ya kurudia noti, niliipigania zaidi. Sebene ya harusi kwetu inakimbia kama mapigo 130 kwa dakika, yaani pigo moja ni milisekunde 461. Nikiweka dilei kwenye nusu, kama 230, marudio yanaingia katikati ya noti zangu kama mpiga gitaa wa pili anayenijibu. Nikiweka kwa kubahatisha yanagombana na drami. Kuna kitufe cha Tap cha kupiga kwa kidole kufuata mwendo, na drama wetu akishapata joto huongeza mwendo bila kumwambia mtu, hivyo kitufe hicho nakibonyeza kama mwenye deni. Marudio yasizidi mawili. Sauti ya dilei iwe chini kiasi kwamba ukiizima mtu akuulize kimepungua nini.

Na mi-composé? Hili najua mtaniuliza. Zamani mpiga gitaa wa tatu, yule wa kati ya solo na akompa, alikuwa anatoa uzi wa nne, ule wa re, na mahali pake anaweka uzi mwembamba wa mi, anaulegeza hadi re ya juu, oktava moja kamili. Ndiyo ile sauti inayometameta. Nilidhani chombo chenye hesabu zote hizi kitanipa hiyo kwa kubonyeza, kwa sababu kina efekti ya kupandisha noti. Nilikaa nayo jioni mbili. Efekti inapandisha nyuzi zote sita kwa pamoja, haichagui uzi mmoja, na nikipiga akodi nzima inasuasua. Mwishowe nilinunua uzi mmoja sokoni, nikaufunga kwenye gitaa la pili, nikapita kwenye ileile Clean. Dakika tano. Kama hujawahi kuijaribu, fanya hivyo kwanza, halafu ndipo utazame efekti.

Mahali pa kuiweka ampli pia ni sauti. Nilikuwa naiacha sakafuni, inapigia magoti yangu. Spika ya inchi 12 inatupa zile sauti za juu mbele moja kwa moja kama tochi. Mimi niliyesimama juu yake nilisikia giza, nikaongeza trebo, na waliokaa mstari wa tatu wakapigwa usoni. Sasa nimeiweka juu ya kreti (ya soda, tuko kanisani) nikiiegemeza nyuma kidogo. Trebo ilishuka yenyewe hadi 4.

Kwenye kumbi zenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) natoa waya kwenye tundu la hedifoni na kurekodi. Pale ampli inaongeza hesabu ya spika, kwa hiyo sauti haitoki ikiwa na makali ya waya mtupu. Ila ukichomeka hapo spika yake inanyamaza, na unabaki unategemea monita za ukumbi, zile spika zinazotugeukia sisi wapigaji; kama hazipo, afadhali maikrofoni mbele ya spika. Mikisa ikiruhusu naomba wakate yaliyo juu ya hezi 6,000, huko gitaa halina biashara.

Jambo la kuhifadhi. Ina kumbukumbu nne. Mimi natumia mbili: ya akompa, na ya solo ambayo ni ileile ikiwa na sauti za kati zaidi. Ukitengeneza kitu kizuri, shikilia kitufe cha chaneli mpaka kikubali. Mwezi wa kwanza nilifanya kazi saa mbili, nikaenda kula bukari, umeme ukakatika, na uliporudi chaneli ilikuwa na sauti ya zamani. Sasa nahifadhi kabla ya kunyanyuka, na nimeandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa ampli. Mdogo wangu ananicheka kwa karatasi hiyo kwenye chombo cha dijitali.

Kwa bei niliyotoa, ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu anayepiga kanisani, harusini na chumbani, na asiye na fundi wa kumbadilishia lampu kila mara. Mwenye ampli ya lampu inayofanya kazi asiiuze kwa ajili ya hii. Na anayepiga sana kwenye vilio afikirie mara mbili, kwa sababu haina betri: bila umeme wala jenereta ni sanduku. Mwezi uliopita tulikesha msibani Katuba, umeme hakuna hadi alfajiri. Niliiacha nyumbani nikachukua gitaa kavu. Yule mama wa korali aliimba usiku kucha karibu yangu, na asubuhi, akikunja kitenge chake, akaniuliza kwa nini kanisani siwezi kupiga hivyo. Jumapili iliyofuata niliteremsha geini kutoka 3 hadi 2. Bado naijaribu.