Duka la kukodisha vifaa vya kambi, Nyali: safari ya skauti kando ya Mto Kombeni

Niliingia katika duka hili nikitaka kukodi mahema tu. Naongoza skauti 14 wa ngazi ya Chipukizi, wenye umri wa miaka 12 na 13, na tulikuwa tumepanga kutumia likizo ya Agosti kutembea kando ya Mto Kombeni, upande wa Rabai, na kulala huko usiku mmoja. Mhudumu aliyenipokea hakuanza na idadi ya mahema. "Mwalimu," aliniuliza, "maji ya kunywa mtayatoa wapi, na mvua ikinyesha huko juu ya mto usiku, watoto watapandia wapi?"

Siku mbili kabla ya kuondoka alituomba tuje na watoto wote pamoja na mizigo yao. Alimpima kila mtoto kwa mizani, kisha begi lake, akisisitiza kwamba mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa anayeubeba. Mvulana mmoja wa kilo 35 alikuja na begi la kilo 11, na lilipofunguliwa tulikuta chupa ya kioo ya achari ya embe, mikebe minne ya maharagwe na blanketi zito la kitandani, vyote vimepangwa na mamake kwa mapenzi makubwa. Mhudumu aliketi naye sakafuni, akahamishia achari kidogo katika kikopo cha plastiki, akaweka leso mbili badala ya blanketi, na begi likashuka chini ya kilo 7, lita mbili za maji zikiwemo. Mtoto aliondoka akitabasamu, achari yake ikiwa salama.

Ninalolishukuru zaidi ni onyo lake kuhusu kichocho, ugonjwa ambao vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kucheza majini. Mimi niliyekulia Rabai nikioga mtoni kila jioni sikuwa nimeuweka katika mpango wangu hata kidogo. Tulikubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeingia mtoni, maji yatatekwa kwa ndoo kutoka ukingoni na kuchemshwa hadi yatokote, na mahema yatasimamishwa mahali palipoinuka, angalau mita 60 kutoka mtoni. Kwa kuwa eneo hilo lina misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, alitushauri pia tuzungumze na wazee mapema, tusikate kuni, na tukodi majiko mawili ya gesi.

Mahema yalikuwa imara, isipokuwa moja lililokosa vigingi vitatu, na ada yake tulirudishiwa bila ubishi. Mabegi, kwa upande wake, yamenisikitisha. Yote ni ya watu wazima, hivyo mkanda wa kiunoni uliteremka hadi mapajani na uzito wote ukabaki mabegani, na wasichana wawili walifika kambini mabega yakiwa mekundu. Niliporudisha vifaa nilielezwa kwamba madogo hayapo. Duka linalojua kumpima mtoto kwa uangalifu kiasi hicho linapaswa kuwa na begi linalomtosha. Mahema na majiko tutakodi tena hapa mwezi wa Desemba. Mabegi watoto watabeba yao ya shule.