Uzoefu wangu na bigijii za nikotini kwenye kuacha fegi, natokea upande wa madereva wa masafa

Wakuu hii naandika kwa wavutaji wote ila hasa madereva wenzangu maana najua tulivyo wengi kwenye hii kitu. Nimeacha sigara kwa kutumia zile bigijii za nikotini zinazouzwa famasi, na nasema wazi kabisa zinafanya kazi, ila zinafanya kazi kwa mtu anayezitumia kama dawa, ukizitafuna kama bigijii ya dukani utasema umepigwa na hela yako imeenda. Bei imechangamka kweli, sitaki kumdanganya mtu, lakini mi nilikaa nikapiga hesabu fegi zinanila kiasi gani kwa mwaka nikaona hizi boksi ni nafuu mbali.

Mi naendesha semi, Dar kwenda Tunduma na mara nyingi navuka Nakonde naingia Zambia. Ile njia ni zaidi ya kilomita 900 mpaka boda na kila kituo kilikuwa na fegi yake, Vigwaza kwenye mizani fegi, Mikese fegi, ukishamaliza kupanda Kitonga salama unashuka kukagua matairi unawasha, halafu ukifika foleni ya Tunduma ndo usiseme kabisa, pale mtu anavuta kwa sababu hana kingine cha kufanya. Na zinauzwa moja moja kila dirisha kwahiyo hata ukiondoka nyumbani bila pakiti haisaidii kitu. Ya kwanza ya siku nilikuwa navuta kabla hata sijanawa uso.

Hiyo ya asubuhi naitaja kwa makusudi, kwa sababu yule dada wa famasi hakuniuliza navuta pakiti ngapi, aliniuliza "kaka, ukiamka inachukua muda gani mpaka unawasha ya kwanza?" Nikamwambia dakika tano haziishi. Akaniambia basi wewe ni wa miligramu 4. Zipo za miligramu 2 na za 4, mtu anayevuta ya kwanza ndani ya nusu saa tangu aamke anapewa za 4, anayeweza kukaa zaidi ya hapo anaanza na 2. Wengi wanaosema hizi bigijii hazina lolote ukiwauliza unakuta mvutaji mkubwa kanunua za 2 kwa sababu ndo zilizokuwepo dukani, sasa hapo mwili unadai na wewe unaulipa nusu, lazima urudi kwenye fegi.

Sasa utafunaji, hapa nisikilizeni vizuri. Unatafuna polepole, taratibu, mpaka usikie ladha kali kama pilipili manga na mdomo unawasha washa. Ukisikia hivyo unaacha kutafuna, unaibana kati ya shavu na ufizi inakaa hapo. Ule muwasho ukiisha unatafuna tena kidogo, unabana tena, safari hii upande mwingine. Hivyo hivyo mpaka kama nusu saa ndo unaitoa. Sababu ni kwamba nikotini inatakiwa iingie kupitia ngozi ya mdomoni, ukitafuna haraka haraka unaimeza na mate inaishia tumboni, huko haikusaidii arosto, yaani yale mateso ya mwili kudai fegi, inakuletea kwikwi, kichefuchefu na kiungulia. Utingo wangu alichukua moja akaitafuna kama bazoka, kwikwi zilimshika kutoka Chalinze mpaka tunakaribia Morogoro.

Jambo lingine ambalo kwa dereva ni kubwa kuliko yote ni vinywaji. Kahawa, soda, juisi na zile enaji tunazokunywa usiku vinafanya mdomo uwe na asidi na nikotini haipiti vizuri. Inatakiwa ukae robo saa bila kunywa hivyo vitu kabla ya kuweka bigijii, na ikiwa mdomoni usinywe kitu kabisa. Mi nilipanga hivi, kahawa nakunywa kituoni naimaliza, nasukutua na maji, nakagua gari, nikishaingia barabarani na muda umepita ndo naweka. Halafu kuna kitu nilielezwa na nikakiona mwenyewe mwilini, moshi wa sigara unafanya mwili umalize kahawa haraka, ukiacha fegi kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwahiyo mtu anatetemeka mikono na usiku hapati usingizi anadhani ni arosto kumbe ni kahawa. Punguzeni vikombe. Na wale wanaosema bila fegi utasinzia kwenye usukani, nawaambia kama umechoka paki gari ulale, hakuna fegi wala bigijii inayochukua nafasi ya usingizi.

Arosto ipo, sifichi. Siku za mwanzo ni mbaya, hasira za bure, kichwa kizito, njaa muda wote, wiki ya kwanza ndo kilele, baada ya hapo inashuka na ndani ya mwezi hivi mwili unakuwa umetulia. Bigijii haiiondoi yote, inaipunguza makali mpaka unaweza kuongea na watu bila kugombana. Ndo maana nilianza wakati gari lipo gereji niko nyumbani, na nashauri usianze siku ya safari. Pia usisubiri kiu ya fegi ikubane ndo utafute bigijii, inachelewa kupanda, haiko kama moshi ambao unafika kichwani ndani ya sekunde. Wiki 6 za mwanzo ni moja kila saa 1 hadi 2, wiki ya 7 mpaka ya 9 unasogeza kila saa 2 hadi 4, ya 10 mpaka ya 12 kila saa 4 hadi 8, halafu unaacha. Usipitishe 24 kwa siku. Mi hiyo ya kusogeza ilikuwa rahisi kwa sababu nilifuata vituo, kituo kimoja naweka kinachofuata naruka.

Mama watoto aliniuliza swali la maana sana, "si ni nikotini ile ile baba, umebadilisha chombo tu?" Ni ile ile ndiyo, na ndiyo inayokufunga, ila kinachoua mvutaji ni moshi, ile lami inayoganda kwenye mapafu, ile monoksidi ya kaboni na kemikali nyingine kibao, bigijii haina moshi. Na inaingia polepole kwa kiasi kidogo kwahiyo kuitoka ni rahisi kuliko fegi. Shirika la Afya Duniani liliziweka bigijii na plasta za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009, sio kitu cha mtaani hiki.

Plasta nazo nilitumia kidogo. Unabandika asubuhi kwenye mkono wa juu, kesho unabadilisha unabandika sehemu nyingine, inatoa nikotini taratibu siku nzima. Ni nzuri kwa mtu ambaye kiu yake iko sawa sawa muda wote. Mimi kiu yangu ilikuwa ya vituo, inakuja kwa ghafla, hapo plasta peke yake haikimbizani nayo, na usiku ilikuwa inaniletea ndoto za ajabu. Kwa mvutaji mzito sana kutumia vyote viwili, plasta ya kutwa na bigijii ya ghafla, kunafanya kazi vizuri kuliko kimoja, ila hapo ongea na daktari au mfamasia kwanza.

Bigijii haitakufanyia kazi ya mikono na mazoea. Nilitoa vibiriti vyote kwenye gari, kebini nikaiosha mpaka mapazia, nikamwambia utingo humu ndani hakuna fegi tena akaniambia "sawa suka, nitavutia nje", na kweli anavutia nje mpaka leo. Pale Tunduma nikaacha kukaa na kundi la wavutaji, nikawa nakaa kwa mama ntilie nyuma kule, ile kiu inachukua dakika chache tu ukiipitisha inaondoka. Na tafadhali msihamie kwenye ugoro mkasema mmeacha, ugoro una nikotini nyingi na unaleta saratani ya mdomo, nimemuona mzee mmoja wa njia yetu alivyoteseka, inauma sana.

Nilichopata mimi ni pumzi. Kuzunguka semi nzima kukagua matairi na kufunga turubai sasa nafanya bila kukohoa, na mtoto wangu wa mwisho analala kifuani kwangu bila kulalamika harufu.

Mabaya yake, taya zinauma wiki za mwanzo, ladha sio nzuri, mwenye meno ya bandia itamsumbua, mwenye vidonda vya tumbo, aliyepata shida ya moyo hivi karibuni au mama mjamzito asinunue kabla ya kuonana na daktari. Na watoto! Kwao hii ni bigijii tu na ni hatari kwao, weka juu kabisa, na uliyotafuna ifunge kwenye karatasi ndo utupe. Kupatikana pia ni tabu, famasi nyingi ndogo hawana, mi nilipata kwenye famasi kubwa za mjini baada ya kuzunguka, kwahiyo kama unasafiri beba za safari nzima kwenda na kurudi, na kabla ya kulipa angalia tarehe ya kuisha na angalia imeandikwa miligramu ngapi, maboksi ya 2 na ya 4 yanafanana sana.