Nanga ya nondo kutoka Kizota, sasa inashika mwamba Pangani

Naishi Dodoma kikazi, ila boti ya familia iko Pangani na mdogo wangu ndiye anayevua nayo. Mwaka huu tumepoteza nanga mbili za dukani, zote zilinasa kwenye mwamba tukalazimika kukata kamba. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea mageti hapa Kizota.

Hakuwahi kutengeneza nanga. "Kaka, hii utaitia wapi, Dodoma hii?" Nikamchorea kwenye boksi: mti wa bomba, makucha manne ya nondo ya milimita 16. Alitaka kuyakazia kwa vipande vya chuma, nikakataa. Nondo ikinasa na ukaivuta sana, inakunjuka na kutoka. Ukifika pwani unaigonga kwa nyundo, inarudi. Kucha lisilokunjuka hubaki chini na kamba yako.

Alichonifurahisha ni kusikiliza. Niliomba pete mbili, moja juu na moja kitakoni. Mnyororo unafungwa kitakoni, kisha unashikizwa pete ya juu kwa uzi wa nailoni. Nanga ikigoma, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inang'oka kinyumenyume. Uzi ukiwa mwembamba mno mkondo utaukata usiku, kwa hiyo sisi tunauzungusha mara tatu.

Bamvua lililopita, siku zile maji yanapopanda na kushuka sana, tuliitia penye kina cha mita 6, maji yakiwa yamekupwa. Huku maji hupanda zaidi ya mita 3, tukahesabu kina cha mita 10 na kulegeza mita 50 za kamba. Wanaobana kamba ndio wanaoburutwa. Mkondo ulipogeuka boti ikazunguka, nanga ikateleza kidogo, ikashika tena mpaka asubuhi. Tunaitupa penye mchanga na mawe kando ya mwamba, kamwe si juu ya matumbawe hai. Yakivunjika, samaki wanahama.

Kasoro zipo. Rangi ya geti ilibanduka ndani ya wiki mbili, kutu ikaanza. Pete ya juu ilipata ufa safari ya tatu. Niliirudisha, akachomelea upya bila kunidai. Na kwenye tope la mlango wa mto haifai kabisa, makucha yake membamba yanalima tu.

Nililipa elfu 45, mnyororo wa mita 4 nilinunua mwenyewe. Kwa mwamba, naipa alama zote. Ya tope nimeshamchorea, ina mabapa mapana, ataanza Jumatatu.