Kipimajoto cha nyama ya moshi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kidari cha ng'ombe cha kilo 5 kinaweza kukaa kwenye jiko la moshi saa 10, hata zaidi. Kila ukifunua kuchungulia, joto linatoka, mkaa unavuta hewa na kushika kasi, na ukishafunika unaanza upya kuutuliza moto. Kwa hiyo kipimajoto cha kazi hii lazima kikwambie mambo mawili huku mfuniko umefungwa: nyama imefika nyuzi ngapi ndani, na hewa inayoizunguka pale kwenye wavu ina nyuzi ngapi. Tumepanga orodha kwa kigezo hicho. Wingi wa vitufe na uzuri wa programu ya simu havikupewa alama.

Namba kwanza, maana mapishi mengi ya nyama ya moshi yanatoka Marekani, Texas hasa, na yameandikwa kwa Farenhaiti. 225 yao ni 107 ya Selsiasi, 250 ni 121, 165 ni 74 na 203 ni 95. Nunua chenye kitufe cha C/F uepuke hesabu hizi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka jiko la moshi likae kati ya nyuzi 107 na 149 za Selsiasi, kuku afike 74, nyama ya kusaga 71, na vipande vizima vya ng'ombe au nguruwe 63 kisha vipumzishwe dakika 3. Kidari cha ng'ombe na bega la nguruwe huwa salama mapema, lakini havilainiki mpaka vipite 90, kolajeni ya mishipa inapokuwa imeyeyuka. Kuanzia hapa namba zote ni za Selsiasi.

1. Chenye sindano mbili za waya na kipokezi

Hiki ndicho cha kununua kwanza. Sindano moja inachomwa kwenye nyama, nyingine inabanwa kwenye wavu, na nyaya zinapita ukingoni mwa mfuniko hadi kwenye kisanduku kilichoko nje. Kisanduku kinarusha namba kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi unachoingia nacho ndani. ThermoPro TP20 na ThermoWorks Smoke ni vya aina hii. Mawimbi hayo hupenya kuta vizuri kuliko Bluetooth, hayahitaji simu wala intaneti, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Bajeti ikibana, TP17 ina sindano mbili zilezile bila redio: utatembea hadi jikoni kusoma, ila hutafunua.

Kabla ya kulipa, hakikisha sindano ya jiko ina kengele mbili, ya joto kupanda na ya joto kushuka. Wengi huulizia ya kupanda tu, ilhali mkaa kuzimika saa tisa usiku ndiko kunakoharibu nyama, kwa kuwa bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60. Hakikisha pia kinatumia betri za AA au AAA, ambazo duka lolote la mtaani linazo, na kwamba sindano za akiba zinauzwa peke yake.

Hilo la sindano lisidharauliwe, kwani ndizo zinazokufa kwanza, kisanduku kikiwa bado kizima. Pale waya uliosukwa unapoingia kwenye bomba la chuma pamebanwa tu, na mara nyingi hapajazibwa. Ukiizamisha kwenye beseni la vyombo maji yanapenya, na siku ya pili skrini inaonyesha LLL au HHH, au namba inaruka nyuzi 30 ghafla bila moto kubadilika. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Waya usikunjwe kona kali kwenye ukingo wa jiko la pipa, wala usipite juu ya mkaa: sindano nyingi zinahimili 300 hivi na waya 380, na mwali unaolipuka mafuta yakidondokea makaa huvuka hapo bila shida.

Sindano ya jiko iwe usawa wa wavu, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye nyama. Ukiisogeza karibu zaidi itapima ubaridi na unyevu unaotoka kwenye nyama yenyewe. Klipu ikipotea, kata kiazi nusu, kilaze kwenye wavu, ichomeke sindano ipite katikati mpaka ncha itokeze upande wa pili na kubaki hewani. Ya nyama iingize kwa ubavuni, ncha ikae katikati ya sehemu nene kabisa. Kuku mchome kwenye paja, upande wa ndani karibu na kiungo, bila kugusa mfupa. Ncha ikigusa mfupa au ikiangukia kwenye tabaka la mafuta, namba unayosoma si ya nyama tena.

2. Cha papo hapo, cha mkononi

Cha kwanza kinakwambia wakati umekaribia, hiki kinathibitisha. Kidari hakiivi sawa kote: sehemu moja inaweza kuwa 95 na nyingine 88, na sindano moja ya waya haitakuonyesha hilo. Cha mkononi unachoma sehemu tano au sita kwa muda mfupi kisha unafunika. Thermapen ONE inasoma kwa sekunde 1, kosa lake nyuzi 0.3 hivi, kwa sababu ina themokapo: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani kabisa. Bei ni kama dola 100, bado usafiri na ushuru. Kile cheupe cha bei nafuu chenye umbo la kalamu, TP101, kinahitaji sekunde 10 au 20 na kosa lake ni nyuzi 1. Kwa nyama ya saa 10, nyuzi 1 haina madhara. Shida yake ni mkono unaobabuka ukisubiri namba itulie, na kichwa cha plastiki ambacho kitayeyuka ukikisahau jikoni. Hata hivyo, anayepika kuku na mbavu tu anaweza kuanzia hapa.

3. Kisicho na waya kabisa

Aina hii, kama Meater, ni sindano yenye betri na redio ndani yake. Ncha inapima nyama, mkia unapima hewa. Kwa kuku anayezungushwa kwenye chuma hakuna kinachoishinda, maana hakuna waya wa kujisokota. Kwenye pipa la moshi tunaishusha hadi nafasi ya 3 kwa sababu mbili. Chuma cha pipa huzuia Bluetooth, hivyo ukiingia sebuleni mawasiliano yanakatika. Halafu mkia unaopima hewa uko karibu mno na nyama, kwa hiyo saa za mwanzo unasoma chini ya joto halisi, nawe unaongeza mkaa usiohitajika. Kwa Meater ya awali sehemu inayozama kwenye nyama ina kikomo cha 100, hivyo lazima izame mpaka kwenye mstari uliochongwa, la sivyo joto la jiko linaiunguza.

4. Cha Wi-Fi chenye feni

FireBoard 2 inapokea sindano 6 na inaweza kuendesha feni inayopuliza mkaa pale joto linaposhuka. Kinamfaa anayepika kwa biashara. Ila feni haitasaidia pipa lenye mianya, maana moto utajitafutia hewa kwingine. Ziba mianya kwanza, kisha ndipo ufikirie feni.

5. Cha mshale kwenye mfuniko

Huja na jiko lenyewe, na ndicho kinachowapotosha watu wengi zaidi. Ndani ya shina lake mna ukanda wa metali mbili uliosokotwa, na ukanda huo unapima wastani wa sentimita 5 hivi kuanzia nchani. Kwenye mifuniko mingi ni sentimita 2 au 3 tu zinazoingia ndani ya jiko. Isitoshe, kiko juu, nyama iko chini, na tofauti ya nyuzi 20 kati ya sehemu hizo mbili ni ya kawaida. Kitumie kuona kama joto linapanda au linashuka, si kusoma namba.

6. Cha bastola, cha miale

Usikinunue kwa kazi hii. Kinasoma uso wa kitu tu, na chuma kinachong'aa hukifanya kisome chini sana. Kile cha paji la uso kilichoenea wakati wa korona kimetengenezwa kwa joto la mwili, si la jiko.

Kipime siku hiyohiyo

Jaza glasi barafu iliyopondwa mpaka juu, mimina maji baridi yafike karibu na ukingo, koroga, subiri dakika 2. Weka ncha katikati bila kugusa glasi: isome 0, ikizidi au kupungua kwa 1. Kosa la kawaida ni kutupia vipande vitatu vya barafu kwenye maji mengi, hapo chini ya glasi utapata 3 au 4, uilaumu sindano nzima.

Kisha maji yanayochemka. Dar es Salaam na Mombasa yatasoma 100. Kwa kila mita 300 za kupanda toa nyuzi 1, kwa hiyo Arusha, mita 1,400, tarajia kama 95, na Nairobi, mita 1,700, karibu 94. Hapo pana jambo ambalo mapishi ya Texas hayalisemi: nyama imejaa maji, na ndani yake haiwezi kupita kwa urahisi joto ambalo maji huchemkia mahali ulipo. Ukiwa Nairobi ukikazania 95, utasubiri huku kidari kinakauka. Kuanzia 90 ichome sindano tupu: ikiingia kama kwenye siagi laini, epua.

Na kabla hujakirudisha dukani, kumbuka kugoma kwa joto. Nyama kubwa ikifika kati ya 65 na 75, namba husimama saa 2, 3, hata 4, na pengine hushuka nyuzi moja au mbili. Jasho la nyama linavukizwa na kuipoza kwa kasi ileile jiko linavyoipasha. Tazama sindano ya wavu: kama inasoma 110 na haitikisiki, kipimajoto ni kizima. Funga nyama kwa foili, rudisha sindano palepale, namba itaanza kupanda tena.